Tupeane uzoefu: mazoezi ya goti kwa simu baada ya upasuaji

Assalamu alaikum. Ukipasuliwa goti nawe wakaa Lamu, kurudi kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo kila wiki ni boti hadi Mokowe, ng'ambo ya bara, kisha basi. Wanaofanya mazoezi kwa video, semeni yafaayo na yaharibuyo.

Wa Langoni: Simu isishikwe mkononi. Iegemezwe kitini ubavuni mwako, usawa wa goti, ionyeshe nyonga mpaka kisigino. Ikikaa mbele, mtaalamu haoni pembe ya goti, na hiyo ndiyo apimayo. Dirisha likiwa nyuma yako ataona kivuli tu. Goti liwe wazi. Mama anayeona haya aombe mtaalamu wa kike mapema. Na kabla ya yote mtumie picha ya karatasi ya hospitali. Aliyewekewa goti bandia na aliyeshonwa meniska (gegedu la ndani ya goti) hawapewi mazoezi sawa. Wa pili mara nyingi huzuiwa kukunja kupita digrii 90 wiki za mwanzo.

Bint Mkomani: Ndugu zangu, ondoeni mto chini ya goti! Una raha, lakini goti hukakamaa likiwa limekunjika, na mguu usionyooka huchechemea. Kama daktari hakukataza, taulo lililokunjwa liwe chini ya kisigino, goti lining'inie dakika 5 hadi 10, mara 3 kwa siku. Kisha kaza paja ukilisukuma goti chini, hesabu 5, uachie, mara 10. Wengi hushughulika na kukunja tu. Kukunja nako, telezesha kisigino kuelekea makalio, mfuko wa plastiki chini ya soksi, maana godoro hukishika.

Wa Langoni: Ahsante dada. Ngazi zetu za mawe ni ndefu: kupanda hutangulia mguu mzima, kushuka hutangulia gongo na mguu mgonjwa.

Mama wa Shela: Barafu ifungwe kwa kitambaa, dakika 15 hadi 20, hasa baada ya mazoezi. Wanangu, nyama ya nyuma ya mguu chini ya goti ikivimba na kuuma, msimwite mchuaji. Huenda damu imeganda, na kuna hatari bonge likapanda mapafuni. Hapo ni hospitali siku hiyo hiyo. Pumzi zikibana au kifua kikiuma, hata usiku wa manane. Homa au usaha kwenye mshono pia hausubiri miadi ya video.