Mrejesho: injini ya Runx Z imeingia kwenye MR-S yangu

Wakuu, niliuliza kama injini ya 2ZZ-GE ya Corolla Runx Z itakaa kwenye Toyota MR-S (kigari cha michezo cha viti viwili) bila kukata bodi. Imekaa, na hakuna kilichokatwa. Ni ndugu wa 1ZZ niliyoitoa, zote cc 1,800 hivi, ila hii Japani iliuzwa kwa nguvu za farasi 190 na ile 140. Gia boksi nimebaki na ile ile ya gia tano.

Kufunga haikuwa shida. Umeme ndio ulionitoa jasho: injini ilitoka kwenye gari la otomatiki, na kontroli boksi (kompyuta ya injini) yake ikawa inaisaka gia boksi isiyokuwepo. Nimetafuta ya Runx ya manyo, fundi umeme akaunga waya moja moja kwa siku nne.

Halafu ikachemsha. Kumbe rejeta ya MR-S iko mbele, injini nyuma ya viti, na mabomba marefu yanapita chini ya gari. Hewa ilinasa humo. Tuliitoa taratibu mara tatu ndipo joto likatulia.

Aliyenionya kuhusu bolti za roka (mikono inayosukuma valvu), asante sana. Moja ilikuwa imeshakatika! Bila kubadilisha, ile kamu ya pili, ya mizunguko ya juu, isingefanya kazi.

Sasa ikipita mizunguko 6,000 kwa dakika inabadilika sauti kabisa. Chini ya hapo, kusema kweli, foleni ya Mwenge huoni tofauti.

Breki bado ni zile zile. Mwezi ujao.