Mkopeshaji wa nyumba akifilisika: Serikali imnusuru au imwache?

Mizania

Wakuu, swali ni hili. Taasisi inayokopesha watu fedha za nyumba ikifika mahali haiwezi tena kulipa wanaoidai, Serikali itoe fedha za walipakodi kuinusuru, au iiache ifilisiwe kama kampuni nyingine yoyote? Naweka msimamo wangu mapema ili mnikosoe vizuri: wenye amana na wakopaji walindwe, wenye hisa wasipate hata senti, na yote yafanyike bila kuchelewa.

Mfano wangu ni Northern Rock ya Uingereza. Katikati ya 2007, amana za wateja wa kawaida zilikuwa kama asilimia 23 tu ya fedha zake. Sehemu kubwa ya zilizobaki ilizipata kwenye masoko ya fedha, ama kwa mikopo ya muda mfupi ama kwa kukusanya rehani za wateja kwenye mafungu na kuwauzia wawekezaji. Mkopo wa nyumba huchukua miaka 25, ilhali sehemu ya fedha zilizougharimia ilibidi ikopwe upya kila baada ya miezi michache. Agosti 2007 masoko hayo yalipoganda, wakopaji wengi wa Northern Rock walikuwa bado wanalipa. Kilichokauka kwanza ni ukwasi, yaani fedha za kulipa madeni yanapoiva.

Tarehe 14 Septemba foleni zikajaa mbele ya matawi. Wapo waliowaita wale watu waoga, lakini tazameni bima ya amana ya wakati ule: pauni 2,000 za kwanza zililindwa zote, 33,000 zilizofuata zililindwa kwa asilimia 90. Mwenye pauni 35,000 angerudishiwa 31,700, tena baada ya kusubiri taratibu za ufilisi. Kwa hesabu hiyo, kuwahi foleni kulikuwa uamuzi wa mtu mwenye akili timamu. Tarehe 17 Serikali ikatangaza kwamba inadhamini amana zilizopo, na foleni zikapungua hadi zikaisha.

Februari 2008 benki ikataifishwa. Mthamini huru alitakiwa na sheria kuipima benki kana kwamba haipati msaada wowote wa Serikali, na kwa kipimo hicho hisa zikaonekana hazina thamani. Wanahisa wakaenda mahakamani, wakashindwa. Hiyo ndiyo kanuni ninayoitetea.

Kalamu Nyekundu

Mkuu Mizania, umechagua mfano unaokubeba. Mimi nasema Serikali isitoe chochote zaidi ya bima ya amana, na ushahidi upo.

Septemba 2008 Washington Mutual ya Marekani ilikuwa na mali za dola bilioni 307, nyingi zikiwa mikopo ya nyumba. Kwa siku 10 tu wateja walitoa dola bilioni 16.7. Tarehe 25 wasimamizi wakaifunga, shirika la bima ya amana la FDIC likaiuza kwa JPMorgan Chase kwa dola bilioni 1.9, na kesho yake matawi yakafunguliwa kama kawaida. Hakuna mwenye amana aliyepoteza, na mfuko wa bima haukugharimika. Hasara ilikwenda kwa wenye hisa na wenye hati fungani, yaani watu waliolipwa faida na riba kwa miaka kwa sababu waliikubali hatari hiyo.

Sasa linganisha na vyama vya akiba na mikopo vya Marekani miaka ya 1980. Vilikuwa vimekopesha nyumba kwa riba isiyobadilika, mikopo mingi ya zamani ikiwa chini ya asilimia 8. Riba za soko zikapanda kupita asilimia 15, wenye amana wakadai wapewe kinachofanana na hicho, na kila mwezi chama kikawa kinalipa zaidi ya kinachoingiza. Mfuko uliobima amana zao haukuwa na fedha za kuvifunga, hivyo wasimamizi wakalegeza masharti ya mtaji na kuviruhusu viingie kwenye biashara mpya. Mwenye chama kisicho na mtaji hana cha kupoteza, kwa hiyo akapandisha riba ya amana kuvutia fedha na kuzimwaga kwenye majengo ya biashara. Akipata, faida yake. Akikosa, hasara ya mfuko. Ilipofika 1989 ikabidi kiundwe chombo maalumu, RTC, kilichokuja kufunga vyama 747. Walipakodi walitoa kama dola bilioni 124. Kunusuru huanzia hapo, kwenye huruma ya msimamizi.

Mdhamini

Ndugu Kalamu, kuhusu miaka ya 1980 nakuunga mkono kila neno. Kuhusu Washington Mutual umeacha vitu viwili. Kwanza, mnunuzi alikuwepo. Pili, wenye hati fungani walipoona wenzao wameumia, waliikimbia Wachovia, benki nyingine ya Marekani iliyokuwa na mzigo mkubwa wa rehani mbaya. Kesho yake tu ikaanza kutokwa na fedha, na ndani ya siku chache ikalazimika kutafuta wa kuinunua.

Na kama mnunuzi hayupo? Fannie Mae na Freddie Mac, mashirika ya Marekani yanayonunua rehani kutoka kwa wakopeshaji na kuzidhamini, kwa pamoja yalikuwa yameshika au kudhamini rehani za zaidi ya dola trilioni 5. Fuateni hesabu hii ya mfano. Nyumba ya dola 200,000, mkopo 190,000. Bei inashuka hadi 150,000 na mkopaji anashindwa kulipa. Mwanasheria, dalali, ukarabati na miezi ambayo nyumba imekaa tupu, tuseme vinakula asilimia 15, zinabaki 127,500. Hasara ni 62,500, karibu theluthi ya mkopo. Kati ya mikopo 20 ya aina hiyo ukiharibika mmoja tu, hasara ni asilimia 1.6 ya mikopo yote. Sheria iliyataka mashirika yale yawe na mtaji wa asilimia 0.45 tu kwa rehani walizozidhamini. Yaani hasara inaumaliza mtaji zaidi ya mara tatu, na hapo 19 kati ya 20 wanalipa bila kukosa.

Tarehe 7 Septemba 2008 ilitangazwa kwamba yote mawili yamewekwa chini ya msimamizi wa Serikali. Wakuu wake waliondolewa. Hazina ilipewa hisa za upendeleo, yaani zinazolipwa kabla ya hisa za kawaida, zenye gawio la asilimia 10, pamoja na haki ya kununua asilimia 79.9 ya hisa za kawaida kwa bei ya chini kabisa. Jumla ya fedha zilizochotwa Hazina ni kama dola bilioni 191, na gawio lililorudi limepita bilioni 300. Sisemi hiyo ni faida safi, maana Serikali ilibeba hatari ambayo hakuna mwingine aliyeikubali, na kwa makubaliano ya 2012 ilichukua kwa miaka kadhaa karibu faida yote badala ya kuacha mtaji ukue. Ninachosema ni kwamba masharti ya kuingia ndiyo yanayoamua kama umenusuru au umegawa fedha.

Wakili wa Wapangaji

Nawasoma wote na naona mkopaji hamjampa nafasi. Deni halifi na benki. Mkopeshaji akifa, mkataba wako ni mali inayohamishiwa au kuuzwa kwa mwingine, na hapo ndipo watu wanapoumia.

Turudi Northern Rock. Baada ya kutaifishwa iligawanywa, benki safi, yenye amana na mikopo mizuri, ikauzwa kwa Virgin Money, mikopo ya zamani ikabaki kwenye taasisi ya Serikali. Mwaka 2015 Serikali ikauza mikopo ya pauni bilioni 13 kwa kampuni ya uwekezaji ya Cerberus. Mikopo ya namna hii ilipokwenda kwa wamiliki wasiotoa mikopo mipya, wakopaji wengi hawakuwa na riba nafuu ya kuhamia. Benki nyingine nazo ziliwakataa kwa sababu vigezo vya uwezo wa kulipa vilikuwa vimekazwa. Mtu akabaki analipa riba kubwa kila mwezi huku akiambiwa hawezi kumudu mkopo wenye riba ndogo. Serikali ilirudishiwa fedha zake, na sehemu ya gharama ikabebwa na watu hawa. Hili linanikera, na sioni likihesabiwa kwenye hizo faida.

Marekani walikuja na HAMP, mpango wa kurekebisha mikopo ya nyumba, mwaka 2009. Hatua zilikuwa wazi: marejesho yashushwe hadi asilimia 31 ya kipato kabla ya kodi. Kwanza punguza riba, ila isishuke chini ya asilimia 2. Isipotosha, ongeza muda hadi miaka 40. Bado? Sehemu ya deni iwekwe kando bila riba. Mkopaji alipe miezi mitatu ya majaribio, kisha mkataba mpya usainiwe. Lengo lilikuwa familia milioni 3 hadi 4, na halikufikiwa. Kazi waliachiwa makampuni ya kukusanya marejesho. Yalipewa dola 1,000 kwa kila mkopo uliorekebishwa, ilhali mkopo uliochelewa uliyaingizia ada za faini na mnada ulirudisha gharama zao kabla ya mwekezaji kupata chake. Nyaraka zilipotea, watu wakatuma upya, huku mnada ukiendelea upande wa pili. Fedha zilikuwepo. Mwenye kuutekeleza mpango hakuwa na sababu ya kuharakisha.

Kalamu Nyekundu

Wakili, hapo umenigusa. Lakini unaona kwamba unathibitisha hoja yangu? Serikali haiendeshi mikopo vizuri.

Wakili wa Wapangaji

Sikubali. HOLC, shirika la Serikali ya Marekani lililoundwa 1933, ilinunua rehani zaidi ya milioni 1 kutoka kwa wakopeshaji, ikawapa wakopaji mikataba mipya ya kulipa kidogo kidogo kwa miaka 15, ikafunga hesabu 1951 bila hasara. Ilimiliki mkopo yenyewe na kuajiri watu wake. Mnada ulipofanyika, hasara ilikuwa yake. HAMP iliwalipa watu wa kati.

Mizania

Nakubali marekebisho, na niyaingize kwenye utaratibu. Benki inafungwa Ijumaa jioni. Hisa zinafutwa usiku huo, kisha hati fungani za daraja la chini, zile zinazolipwa baada ya za daraja la juu, zinakatwa au kugeuzwa hisa. Amana na mikopo inayolipwa zinahamia taasisi mpya kabla ya Jumatatu. Mikopo mibovu inabaki kwa chombo cha Serikali chenye wafanyakazi wake, na sheria ikataze kumuuzia mtu asiyeweza kumpa mkopaji riba mpya. Kwa Mdhamini: hati fungani za daraja la juu ndizo zinazonisumbua bado.

Mdhamini

Za daraja la juu ziguswe, lakini sheria iseme hivyo miaka kabla, ili mnunuzi adai riba inayofaa. Ukizikata kwa mshtuko unapata Wachovia.

Kwa wasomaji wa kwetu, angalieni TMRC ya Tanzania na KMRC ya Kenya. Hizi huzikopesha benki fedha za muda mrefu kwa dhamana ya rehani, lakini hatari ya mkopaji kushindwa inabaki kwa benki yenyewe, tofauti na Fannie Mae. Swali la kumuuliza msimamizi ni kama benki inabanwa kubadilisha mara moja rehani iliyoacha kulipwa kwa nyingine nzima, na ni nani anayekagua mafaili hayo.