Programu ya kuhariri picha ninayoilipia kila mwezi imegoma kufunguka, na kampuni haitaki kusema sababu

Wakuu, heshima kwenu.

Uzi huu nauandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Nina studio hapa Mbeya, Mwanjelwa. Picha za paspoti, kipaimara, mahafali, send-off, harusi. Kazi zote hizo zinapita kwenye programu moja ya kuhariri picha, na ninailipia kila mwezi, kwa mkataba wa mwaka, kwa dola kupitia kadi ya mtandaoni ninayoijazia hela kwa simu. Siyo ya kukraki, yaani ya wizi iliyovunjwa leseni. Nalisema hili mapema kwa kuwa nayajua majibu ya kwanza yatakayokuja.

Mwezi huu programu imejisasisha yenyewe usiku. Asubuhi naibofya, inatokea ile picha yake ya kufungulia, chini panaandikwa inasoma hiki, inasoma kile, halafu inapotea. Basi. Hakuna kisanduku cha kosa, hakuna namba, hakuna hata neno moja. Unabofya tena, yale yale. Unazima mashine, unawasha, yale yale. Na toleo la jana yake, lililokuwa linapiga kazi vizuri kabisa, halipo tena. Sasisho limelifuta kabla ya kuhakikisha kwamba toleo jipya linawaka kwenye mashine hii.

Humo ndani kulikuwa na harusi ya Tukuyu. Picha zimeshachaguliwa, nyuso zimesafishwa nusu, kurasa za albamu zimepangwa na majina ya maharusi yameshaandikwa, vyote vimehifadhiwa kwenye faili za programu hiyo hiyo. Mama wa bibi harusi alikuwa ameshapanda Coaster kutoka Tukuyu, kilomita kama 70, kwa sababu tulikubaliana aje ahakiki albamu kabla haijaenda kuchapwa. Amefika amelowa mvua, nimempa kiti, nimempa chai na pole ya safari, halafu namwambiaje? Kwamba picha zipo ila hazifunguki? Yule mama hakunipigia kelele. Aliuliza tu, "Sasa mwanangu, si ulisema zipo tayari?" Niambieni mtu unaanzia wapi kumweleza mama wa watu habari za sasisho la kampuni iliyoko ng'ambo. Kwake yeye aliyemwangusha ni mimi, na mjini hapa studio ikishapata sifa ya ubabaishaji, sifa hiyo haitoki.

Nikawaandikia huduma kwa wateja. Kwanza unaongea na roboti linalokuuliza mambo ambayo umeshayaeleza kwenye ujumbe wa kwanza. Ukilivuka unapata mtu, naye anakuja na jibu moja: futa programu, pakua upya, sakinisha. Wenye faiba mnaweza kusema hilo dogo. Mimi natumia bando. Programu yenyewe ni GB kadhaa, mchana mtandao unasuasua, na upakuaji ukikatika katikati unaanza sifuri. Nikasubiri usiku, nikapakua, nikasakinisha. Ile picha ya kufungulia ikatokea, ikapotea. Nikarudi kwao, naambiwa nisafishe mabaki yote kwa programu yao nyingine kisha nipakue tena. Nikawauliza: sababu mnaijua, au mnabahatisha kwa bando langu? Sikujibiwa. Nikahamishiwa kwa mtu mwingine, akaanza kwa kuniuliza jina langu na tatizo langu ni nini.

Mafundi wetu nao lazima niwaseme. Wa kwanza hajagusa hata kipanya: "Dada, hiyo ni virusi, tupige windo," yaani asakinishe Windows upya. Wa pili akasema RAM ni ndogo, anayo ya kuniuzia. Windows ilikuwa inafunguka, kivinjari kinafunguka, kila kitu kinakwenda isipokuwa programu moja tu, halafu mtu anataka kukufutia mashine nzima! Jamani, acheni hiyo tabia. Kupiga windo kungefuta kitu pekee mle ndani kilichokuwa kinaijua sababu.

Kitu hicho ni daftari la makosa la Windows yenyewe, na ningependa kila mwenye studio alijue. Bonyeza kitufe cha Windows, andika eventvwr, gonga Enter. Fungua Windows Logs, kisha Application, halafu tafuta mstari wenye alama nyekundu wa saa ile ile programu ilipopotea. Humo utakuta jina la programu, jina la moduli (kipande cha programu) iliyoiangusha, na namba inayoanza na 0xc. Aliyenionyesha ni kijana anayesoma mambo ya kompyuta chuoni, alikuja kupiga paspoti tu akanikuta nimefura. Akaisoma ile namba, akauliza, "Dada, hii mashine ni kizazi cha ngapi?" Dakika chache tu, bila hata kuinuka kwenye kiti.

Namba yangu ni 0xc000001d. Maana yake prosesa, ule ubongo wa kompyuta, imepewa amri isiyoifahamu. Mashine yangu ni ya mezani, ya mtumba kama zilivyo nyingi humu mjini, prosesa yake i7-3770. Kwa namba za zamani kama hii, tarakimu ya kwanza baada ya kile kistari ndiyo kizazi: ni ya 3, ya mwaka 2012. Toleo jipya la programu limeundwa kwa kutumia seti ya amri inayoitwa AVX2, ambayo Intel waliianzisha kwenye kizazi cha 4, mwaka 2013. Kwa upande wa AMD, Ryzen zote zinayo, nazo zilianza kutoka 2017. Kwa hiyo i7 yangu, niliyoinunua nikijua ni mashine ya nguvu, haiwezi kufungua programu ambayo i3 ya kizazi cha 4 ya jirani yangu wa stesheneri ingeweza kuifungua. Mnaonunua mashine za mtumba msiishie kwenye stika ya i5 au i7. Someni namba nzima. Na mjue kwamba Pentium na Celeron za miaka ile hazina kabisa hizo amri, hata zikiwa za kizazi cha 4.

Hapo ndipo hasira yangu ilipokolea, kwa sababu kampuni inalijua hili fika. Programu yoyote inaweza kuiuliza prosesa kama ina AVX2 kabla ya kuendelea, ni kazi ya mistari michache ya msimbo. Walichotakiwa kufanya ni kuweka kisanduku chenye sentensi moja: mashine hii haina AVX2, toleo hili halitafanya kazi. Au zaidi ya hapo, lile sasisho lingekagua kwanza, likikuta haifai liliache toleo la zamani mahali pake. Halikukagua. Likafuta kizuri, likaweka kisichowaka, likakaa kimya. Huko ni kumuuzia mtu mbuzi kwenye gunia, tena baada ya kumnyang'anya aliyekuwa naye zizini.

Watajitetea kwamba sharti hilo limeandikwa kwenye ukurasa wa mahitaji. Limeandikwa sasa. Siku ninajiunga niliusoma ukurasa huo na mashine yangu ilikidhi. Wamebadilisha masharti katikati ya mkataba bila kunitumia hata barua pepe moja, wakati barua pepe za risiti na za ofa hazikosi kufika. Sisemi teknolojia isimame kwa ajili ya prosesa yangu. AVX2 inaharakisha hesabu za picha, naelewa, waitumie. Ila aliyelipia aambiwe mapema, na toleo lake la zamani aachiwe.

Mtu wao wa mwisho akanishauri nihamie Windows 11. Naomba msome tena hapo. Windows 10 niliyonayo ilifikia mwisho wa huduma ya bure tarehe 14 Oktoba 2025, hilo kweli. Lakini Windows 11 kwa masharti rasmi inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama) na, kwa Intel, kwa kawaida kizazi cha 8 kwenda juu. Mtu ana namba ya prosesa yangu mbele yake, nimempigia hadi picha ya skrini, bado ananishauri kitu ambacho mashine haiwezi, na ambacho hata kingewezekana kisingeongeza AVX2 kwenye prosesa. Nikaomba basi nikatishe mkataba. Jibu: mwaka haujaisha, ukikatisha unatozwa faini. Yaani nilipe faini kwa kuacha kutumia programu isiyofunguka!

Sasa kwa wale ambao zenu zimegoma kwa namna hii lakini namba ni nyingine, msikimbilie kufuta. Ukikuta 0xc0000005, tazama jina la moduli. Likianza na ig, mara nyingi ni draiva ya grafiki ya Intel, yaani programu ndogo inayoongoza kifaa cha kuonyesha picha. Likianza na nv, ni ya NVIDIA. Weka draiva kutoka kwa mtengenezaji mwenyewe, msitegemee inayokuja na Windows peke yake. Angalieni pia diski C: programu hizi huandika faili kubwa za muda, na C ikijaa nyingine zinafia mlangoni. Mafaili ya mipangilio nayo huharibika umeme ukikatika wakati programu inaandika. Hayo hukaa kwenye AppData, ndani ya Roaming. Lipe folda la programu jina lingine, usilifute, halafu ufungue upya. Itajitengenezea jipya, na la zamani utakuwa bado unalo.

Watu wa albamu na kadi za harusi, fonti. Tunapakua fonti za kila namna, tunazirundika, na moja ikiwa mbovu programu inaweza kukwama pale inaposoma fonti, na fonti yenyewe mbovu huwezi kuijua kwa kuitazama.

Kuna moja nimeliona kwa wenzangu wawili watatu hapa Mwanjelwa na linawapotezea hela bure. Mashine za mtumba nyingi betri ya ndani imekufa, ile ya duara iliyoandikwa CR2032. Umeme ukikatika, saa ya kompyuta inarudi nyuma miaka. Programu za kulipia zinahakiki leseni mtandaoni, na tarehe ikiwa ya miaka iliyopita vyeti vya usalama vinakataliwa, hivyo uhakiki unashindwa na programu inagoma. Mteja anaambiwa ana virusi. Tazama saa pale chini kulia kwanza! Betri yenyewe hata wauza saa wanayo.

Albamu ya Tukuyu nimeimalizia kwenye GIMP, ambayo ni ya bure na kwenye prosesa yangu inafunguka. Imeokoa picha na leya nyingi, yale matabaka ya picha yanayopangwa juu ya mengine. Maandishi yaligeuka picha, kwa hiyo majina ya maharusi na tarehe kwenye kila ukurasa nimeyaandika upya moja moja. Rangi nazo nililazimika kuzilinganisha tena kabla ya kupeleka kuchapa, maana shela lilikuwa linatoka na ubluu. Mama amepata albamu yake kwa kuchelewa. Nauli ya safari ya pili nimemrudishia mimi, siyo kampuni.

NYONGEZA baada ya kusoma majibu yenu:

Mkuu uliyesema "weka ya kukraki uache kulia": toleo jipya likikrakiwa bado linahitaji AVX2 ile ile. Na la zamani la kukraki sitaliweka kwenye mashine yenye picha za watoto wa watu na nakala za vitambulisho vyao.

Uliyesema ninunue mashine nyingine, nitanunua nikiwa na uwezo. Hiyo haiwaondolei wao deni la miezi ninayolipia bila kutumia.

Aliyeuliza kutoka Makambako kama laptopu yake ya i5-4300U itafungua: hiyo ni kizazi cha 4, AVX2 ipo. Kama nayo inapotea kimya, sababu ni nyingine, tuwekee namba ya kwenye eventvwr.

Ninachotaka kutoka kwa kampuni nimewaandikia kwa maneno haya haya: nirudishieni kiungo cha kupakua toleo lililokuwa linafanya kazi, au rudisheni hela za tangu siku lilipofutwa na mnitoe kwenye mkataba bila faini. Nimeambatisha picha ya daftari la makosa na ya prosesa. Mtu mmoja wa Mbeya wanampuuza kirahisi. Kwa hiyo mwenye studio yeyote wa Mbeya, Iringa, Njombe, Songwe, popote, aliyekumbwa na hili kwa programu anayoilipia, aandike hapa chini mambo mawili tu: namba ya 0xc aliyoikuta na namba kamili ya prosesa. Msiweke barua pepe zenu wala namba za leseni hadharani. Ijumaa nazikusanya zote nawatumia kwenye malalamiko yale yale ambayo bado hawajayafunga.