MREJESHO: Siga zangu zilizokuwa zikiwaka upande mmoja

Wakuu, mwezi uliopita niliuliza kwa nini siga zangu (zile sigara nene za majani ya tumbaku yaliyosokotwa) zinawaka upande mmoja, halafu zikifika nusu zinakuwa chungu hadi natupa. Wengi mlisema ni unyevu uliozidi. Nikabisha, maana kipimo cha unyevu kwenye sanduku ninamozihifadhi kilisoma asilimia 69. Naomba radhi.

Aliyenishauri jaribio la chumvi ili kujua kama kipimo kinasema kweli, ubarikiwe. Nilitia chumvi kwenye kifuniko cha chupa, nikaidondoshea maji hadi ikawa kama mchanga uliolowa (isiyeyuke), nikaifungia pamoja na kipimo kwenye mfuko usiopitisha hewa kwa saa 24. Chumvi iliyolowa hivyo huweka unyevu wa hewa iliyofungiwa kwenye asilimia 75, kwa hiyo kilitakiwa kisome 75. Kikasoma 68! Kilikuwa kinapunguza 7, kumbe siku zote siga zilikuwa zinalala kwenye 76 hivi, na mimi najisifu.

Nikaweka sandukuni pakiti za kushikilia unyevu kwenye asilimia 65, nikaziacha siga wiki tatu bila kuzigusa. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko zote.

Jumamosi tulikaa wanne, tukazivua siga pete za karatasi zenye majina, tukazipa alama bila kuzijua, ili mtu asisifie jina. Yangu iliwaka duara safi, jivu likashikilia karibu inchi nzima. Mwanzo pilipili manga, katikati kakao, mwishoni kahawa. Uchungu umebaki kidogo, ila huo ni wangu: navuta harakaharaka, jamaa wakawa wananihesabia dakika nzima kati ya mvuto na mvuto.

Na ile niliyoipa alama za chini kabisa? Pete zilipofunuliwa, ndiyo niliyokuwa nawatambia kila siku.