Familia inataka nimwekee mzee dawa ya usingizi kwenye uji bila yeye kujua. Nifanyeje?

Wakubwa zangu shikamooni, wa rika langu habari zenu.

Niko Moshi, maeneo ya Rau. Nina mwaka na miezi minne namlea mzee wa miaka 79, hapa nitamwita Meku. Nilisoma kozi ya mwaka mmoja ya uhudumu wa afya. Meku alipata kiharusi, mkono wa kushoto hauna nguvu, ana presha, na anasahausahau: funguo, tarehe, jina la mjukuu. Lakini kaa naye barazani asubuhi, mlima ukiwa wazi, atakueleza mgomba upi wa kihamba, shamba la nyumbani la baba yake, ulikuwa wa mtori na upi wa pombe ya mbege. Akili ipo.

Shida ni usiku. Anaamka mara tatu, nne, anatoka nje kutafuta choo cha zamani kilichobomolewa kitambo. Watoto wako Dar, mmoja Mwanza. Mwezi uliopita mkubwa wao akatuma vidonge vya usingizi kwa basi, nisage nichanganye kwenye uji wa jioni, mzee asijue kwa sababu atakataa. Niliweka siku nne. Ile ya nne Meku akaonja, akashusha kijiko, akanitazama: "Mwanangu, umeweka nini humu?" Nikasema sukari imezidi. Akanywa wote. Alikunywa kwa sababu ni mimi niliyempa.

Tangu hapo siweki, ila kwenye grupu la familia naandika kwamba naweka. Sasa nadanganya huku na huku. Mshahara huu ndio unamsomesha mdogo wangu. Naombeni ushauri.

Kijana_Majengo: Dada, wanaokulipa ni watoto. Fanya walivyosema, likitokea la kutokea ni lao.

NesiMstaafu: Hapana, likitokea mkono uliosaga ni wake. Mdogo wangu, hivyo vidonge aliviandika daktari gani? Mzee akilewa usingizi halafu akaamka kwenda kukojoa, anaanguka, na nyonga ikivunjika kwa umri huo mara nyingi harudi alivyokuwa. Kusahau nako kunaongezeka. Aliyepata kiharusi anaweza pia kupaliwa kirahisi akiwa na usingizi. Na si kila kidonge kinasagwa, vingine vimetengenezwa viyeyuke polepole tumboni, ukivisaga dozi nzima inaingia kwa mkupuo.

Tena angalia dawa zake za presha. Kama mojawapo ni ya kukojosha na unampa jioni, hapo ndipo usiku wake unapoharibikia, hiyo kwa kawaida hunywewa asubuhi. Tezi dume nayo ipimwe. Usibadilishe kitu mwenyewe. Beba dawa zote kwenye mfuko, mpelekeni hospitali, Mawenzi au KCMC.

Ustawi_Arusha: Nimefanya kazi ustawi wa jamii miaka mingi, na kosa hili nimeliona nyumba nyingi: mtu akisahau tarehe, wanamhesabu hajui lolote. Uwezo wa kuamua hupimwa kwa jambo lenyewe. Meku anaweza kushindwa kusimamia akaunti ya benki na bado akajua anataka kunywa nini. Aliuliza swali sahihi kabisa, alistahili jibu.

Kuna nyakati dawa hufichwa kwenye chakula: mgonjwa haelewi kweli hata akielezwa, dawa ni ya lazima, daktari na familia wamekaa, wakaamua, wakaandika. Haiwi siri ya mtu mmoja jikoni. Sera ya Taifa ya Wazee ipo tangu 2003, na halmashauri ina afisa ustawi wa jamii. Familia ikikataa kukusikia, nenda kwake.

Mtoto_wa_Kibosho: Mimi niko upande wa hao watoto, mama yangu yuko kijijini, mimi Dar. Simu ikilia saa nane usiku moyo unasimama kabla hujapokea. Huyo kaka anaogopa, na kwa woga wake anatuma vidonge. Waeleze usiku unavyokwenda, saa kwa saa. Sisi tuliweka taa ndogo ya korido na kopo la mkojo kando ya kitanda, mama akaacha kutoka nje.

Mleta uzi: Nimewasoma wote, asanteni. Jana jioni nilimwambia Meku ukweli wote. Alikaa kimya mpaka nikaanza kulia. Akaomba kukiona kidonge. Akakigeuzageuza kiganjani, akasema, "Mwambie aje anipe mwenyewe." Kisha akaniuliza kama nimekula.

Kwenye grupu nimeandika kwamba niliweka siku nne, nikaacha, na siku zilizofuata niliwadanganya. Kaka mkubwa amesoma, hajajibu. Dada wa Mwanza amepiga simu, tumekubaliana kliniki Jumatatu. NesiMstaafu, dawa za presha ni mbili, na moja nimekuwa nikimpa saa moja usiku. Jina lake nimeliandika kwenye daftari nimwonyeshe daktari. Leo nimenunua taa ya korido.