Rangi mpya imejikunja kama utando wa maziwa kwenye fenda ya Beetle 1964. Nikwangue gari zima mpaka bati?

msasa_mkavu

Habari za kazi wakuu. Gari ni Volkswagen Beetle ya 1964, nyeupe ya kiwandani L87, ila juu yake imeshapigwa rangi mara mbili, bluu kisha nyekundu. Kwenye paa na boneti ile nyekundu ina nyufa ndogondogo kama tope lililokauka. Milangoni na kwenye fenda imeshika vizuri. Kutu ninayoiona iko mahali pa betri chini ya kiti cha nyuma, na mbele ya njia za hita (yale maboksi ya bati chini ya milango yanayopitisha hewa moto) pande zote mbili, ambako bisibisi inapenya.

Nimeifungua fenda moja kwa majaribio. Nimeipiga msasa 180, kisha 320, na sehemu mbili zikafika kwenye bati. Nikapiga praima, nikasubiri saa moja, nikapiga rangi ya 2K (ile ya kuchanganywa na hadina, yaani kigumushi). Dakika kumi baadaye ikajikunja, tena kwa pete, kuzunguka zile sehemu mbili za bati. Kwingine kuna vishimo vidogo vya mviringo.

Kompresa ni ya tanki la lita 50, farasi 2. Bunduki ya kupulizia rangi ni HVLP (ya hewa nyingi kwa presha ndogo) yenye nozeli 1.4. Nafanyia kazi kwenye gereji ya gari moja. Naomba kujua: nikwangue gari zima au praima inaweza kuziba? Nichukue rangi ya kumaliza yenyewe au bezi na klia (rangi ya chini, kisha vanishi angavu juu)? Lita ngapi? Na nianze na kutu au na rangi?

---

nyundo_na_tarimbo

Pete zimekuonyesha kosa lenyewe. Ulipofika kwenye bati, ukingo wa kila tabaka la zamani ulibaki wazi: nyekundu, bluu, nyeupe. Thina ya rangi mpya iliingia pale pembeni, ikalainisha tabaka ambalo halikuwahi kukauka kikemikali, nalo likavimba chini ya ngozi mpya. Praima ya saa moja haiwezi kuzuia hilo kwa sababu yenyewe bado inapumua thina.

Pima kila tabaka kabla ya kuamua. Chovya kitambaa cheupe kwenye thina kali ya selulosi, kiweke juu ya rangi dakika mbili, kisha sugua. Rangi ikitoka kwenye kitambaa kama inayeyuka, hiyo ni selulosi au akriliki ya thina. Ikinyanyuka na kukunjamana, ni enameli. Isipofanya chochote, ni 2K au rangi iliyookwa, na hiyo unaweza kuiacha kama msingi. Nadhani moja kati ya nyekundu na bluu itakukatalia.

Paa na boneti hazihitaji kipimo. Ufa wa rangi haufunikiki. Hata ukijaza praima nene utachomoza tena jua likishachoma mara kadhaa. Hapo kwangua mpaka bati. Na kwa kuwa paa lazima likwanguliwe, sioni faida ya kubakiza milango na fenda, maana kazi iliyobaki ni siku mbili tu.

Namna ya kukwangua: tumia diski laini ya nailoni yenye matundu kwenye grainda, isiyochimba bati. Usitumie diski ya kusagia chuma. Itapasha boneti moto, bati litapinda, na kulirudisha ni kazi ya wiki. Dawa ya kutoa rangi inafaa kwenye mikunjo ya fenda: paka nene, funika kwa nailoni nusu saa, kwangua. Ila iache sentimita 2 kutoka kwenye kila maungio. Ikijificha ndani ya mkunjo wa bati hutaiona leo, utaiona rangi mpya ikishatoa malengelenge. Kupuliza mchanga weka kwa rimu, bawaba na vyuma vinene tu. Paa la Beetle ni bati pana na jembamba. Mchanga unalitandaza upande mmoja na linabaki na mawimbi.

Jambo la usalama: rangi za umri huo zinaweza kuwa na risasi. Piga msasa wa maji, au vaa barakoa ya vumbi la P3, na usifagie vumbi likiwa kavu.

---

hewa_kavu

Nami nichukue vishimo na kompresa.

Vishimo vya mviringo ni rangi inayokimbia mafuta. Huwa ni silikoni ya polishi ya zamani, au mafuta na maji kutoka kwenye kompresa. Kosa la kawaida ni kupiga msasa kwanza ndipo usafishe. Msasa unasukuma silikoni ndani ya mikwaruzo. Osha kwa maji na sabuni ya vyombo, futa kwa kiondoa mafuta na vitambaa viwili (kimoja kinaloweka, cha pili kikavu kinakomba kabla haijakauka), ndipo upige msasa, kisha futa tena.

Upande wa hewa, kompresa ya farasi 2 kwa kawaida hutoa lita 150 hadi 180 kwa dakika, hata kama kibandiko kinasema zaidi, maana kibandiko huandika hewa inayoingia. HVLP ya kawaida inataka lita 280 hadi 350. Kwa hiyo ukianza upande mmoja wa paa rangi inatoka vizuri, ukifika katikati presha imeshuka na inatoka kavu, yenye ganda la chungwa. Hewa ikipita kwenye kompresa iliyochemka hubeba mvuke, na mvuke hugeuka maji ukifika kwenye bunduki. Kichujio kikiwa kwenye kompresa hakisaidii, kwa sababu hewa bado ni ya moto. Weka mita 8 hadi 10 za bomba la chuma zilizoinama kidogo kurudi kwenye kompresa, kichujio kiwe mwisho wa bomba. Toa maji kwenye tanki kila siku ya kazi.

Si lazima ununue kompresa kubwa. Tafuta bunduki ya LVLP inayotumia lita 120 hadi 200, kisha tumia faida ya gari lenyewe: fenda nne, milango miwili, boneti na kifuniko cha injini vyote vinafunguka kwa bolti. Vipige kimoja kimoja, na bodi peke yake siku nyingine. Nyeupe isiyo na metali inavumilia hilo. Ungekuwa na rangi ya metali ningekukataza, kwa sababu chembe zingelala tofauti kwenye kila kipande na milango ingeonekana ya gari jingine. Muhimu ni kumimina makopo yote ya rangi kwenye ndoo moja na kukoroga pamoja kabla ya kuanza. Hadina utaweka baadaye, kiasi cha kipande kimoja.

---

msasa_mkavu

Asanteni sana. Nimepima kwa kitambaa: nyekundu imekunjamana, bluu imeyeyuka, nyeupe haikufanya kitu. Nakwangua yote. Nina chupa ya asidi ya fosforiki ya kuua kutu. Nikimaliza kukwangua nipake bodi nzima halafu praima ya epoksi juu, sawa?

---

kopo_la_epoksi

Hapana mkuu. Epoksi nyingi hazishiki juu ya mabaki ya asidi. Inalala vizuri siku hiyo, miezi sita baadaye unaichambua kwa kucha kama ganda la yai. Asidi tumia pale tu penye madoa ya kutu, iache ifanye kazi ikiwa mbichi, kisha ioshe kwa maji mengi na brashi, kausha mara moja kwa hewa, na upige msasa 80 mpaka chuma king'ae. Kwingine ni msasa 80 mkavu, kiondoa mafuta, kisha epoksi siku hiyohiyo. Bati tupu lisilale usiku kucha.

Praima ya asidi nayo usiichanganye humu. Puti (ya kujazia mabonde) haikai juu yake.

Mpangilio ulio salama: epoksi mikono 2 (yaani tabaka 2), ikauke usiku mmoja, kwaruza kwa 180, ndipo puti. Puti iwe na hadina asilimia 2 hivi. Ukizidisha ili ikauke haraka, peroksidi inayobaki hupanda juu na kutia doa la njano, na wewe unapiga nyeupe! Unene usizidi milimita 3. Pakihitaji zaidi, rudi na nyundo. Puti usiipige msasa wa maji kamwe, inanyonya kama sifongo. Nenda 80, 150, 240 kwa ubao mrefu, usitumie kiganja, maana vidole vinachora mifereji. Kisha praima ya kujaza mikono 2 au 3 kwa nozeli 1.7, ikikauka nyunyiza vumbi jepesi la rangi nyeusi na usawazishe kwa 320. Nyeusi inapobaki ni bonde. Malizia na 500 ya maji.

Kwa nyeupe hii mimi ningechukua rangi ya kumaliza yenyewe, bila klia. Ndivyo gari lilivyotoka kiwandani, klia inalipatia mng'ao wa gari la kisasa, na mchirizi kwenye rangi ya aina hii unaweza kuusaga na kupolishi bila kuogopa kutoboa klia.

Lita: pima eneo, pamoja na kingo za milango na chini ya vifuniko. Lita moja iliyochanganywa hufunika mita za mraba 6 hadi 8 kwa mkono mmoja. Ukipata mita 15, mikono 3 ni 45, gawa kwa 7, ni kama lita 6.5. Kwa mchanganyiko wa 2:1 na thina asilimia 10 hiyo ni rangi lita 4, hadina 2, thina 0.4. Karatasi ya bidhaa yako ikisema uwiano mwingine, fuata karatasi.

---

waya_06

Mbona hakuna aliyegusa njia za hita, na ndizo zinazobeba gari? Kutu kwanza, rangi baadaye, hilo halina mjadala.

Bodi iache imefungwa kwenye sakafu ya gari (chasi). Ukiinyanyua njia za hita zikiwa zimeoza, inajifungua kama boksi lisilo na kitako. Kabla ya kukata, chomelea bomba la chuma kuvuka uwazi wa mlango, kutoka nguzo ya bawaba hadi nguzo ya kufuli, kwa juu na chini. Funga mlango na uandike nafasi za pembeni kwa milimita. Badilisha upande mmoja, rudisha mlango, linganisha, ndipo uende wa pili.

Chomelea kwa mashine ya MIG, waya wa milimita 0.6, gesi ya mchanganyiko. Choma nukta, ruka sentimita 3, choma nyingine upande wa mbali, subiri bati liweze kushikika. Ukivuta mstari mrefu litapinda. Betri itoke, na tanki la mafuta litoke kabisa nje ya gereji. Liko chini ya boneti, cheche haziko mbali nalo.

Pale kwenye betri asidi imekula zaidi ya unavyoona. Gonga kuizunguka mpaka usikie chuma kizima, kata hapo. Maungio yote yapate silanti juu ya epoksi, na ndani ya njia za hita upulize nta, lakini baada ya rangi. Nta ikichuruzika kabla ya rangi utarudi kuuliza tena habari za vishimo.

---

msasa_mkavu

Nimeelewa. Barakoa yenye vichujio vya mkaa inatosha kwa 2K?

---

hewa_kavu

Haitoshi kutegemewa. Hadina ina isosayaneti, haina harufu ya kukuonya kichujio kikichoka, na ikishakuletea pumu ya aina hiyo, tone moja siku nyingine linairudisha. Ya kufaa ni barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira kutoka nje, pamoja na glavu za nitraili, ovaroli na kinga ya macho. Feni ya kutoa hewa isiwe na mota iliyokaa ndani ya mkondo wa mvuke wa thina. Usipoweza kupata hiyo barakoa, piga praima nyumbani kwa bidhaa isiyo na isosayaneti (soma kopo, praima nyingi za kujaza nazo ni 2K) na uwapelekee wenye chumba cha rangi vipande vilivyo tayari.

Ukipiga mwenyewe: mwagia sakafu maji kidogo, presha baa 2 ukiwa umebana kifyatuo, umbali sentimita 15 hadi 20, kila mpito ufunike nusu ya uliotangulia, dakika 15 kati ya mikono. Ukiharakisha, thina iliyonaswa itatoboa vitundu kama vya sindano.

---

nyundo_na_tarimbo

La mwisho kutoka kwangu: fenda usizifunge mpaka rangi iwe na wiki moja angalau, na ule mkanda wa mpira kati ya fenda na bodi uwe mpya. Kaza bolti zote nusu kwanza, sukuma mkanda ukae sawa kuanzia katikati kwenda pembeni, ndipo umalizie kukaza kwa spana. Nati zilizochomelewa kwenye bodi zipitishie tapu ya M8 (ya kusafisha nyuzi) kabla ya kupiga rangi. Nati ikizunguka ndani ya nguzo baada ya rangi, utalazimika kukata.