Ushauri wenu wakuu: kijana wangu ni kipa wa hoki, aende timu ya chini NCHC au timu ya juu Atlantic Hockey?

Baba Kassimu
Wakuu habari zenu. Naomba mawazo maana hili jambo limeninyima usingizi. Mimi mzaliwa wa Tanga ila huku Minnesota nina miaka ishirini na kitu, na kijana wangu wa pili ni kipa wa hoki ya barafu, ana miaka 19, yupo ligi ya vijana anasubiri kuingia chuo. Kwa wasiojua, huku wachezaji wengi wa hoki hawatoki sekondari wakaenda chuo moja kwa moja, wanapita kwanza hizo ligi za vijana mwaka au miwili, kwa hiyo usishangae mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ana miaka 20.

Sasa vyuo viwili vinamtaka. Kimoja kipo NCHC, ile konferensi (yaani kundi la vyuo vinavyocheza ligi yao pamoja) ya kina Denver na North Dakota, ila chenyewe misimu kadhaa sasa kinamaliza nusu ya chini. Cha pili kipo Atlantic Hockey America, konferensi nyingine ndogo, na huko kinakaa juu kila mwaka. Mama yake anasema aende wanakoshinda. Mwenyewe anataka NCHC kwa sababu kila anayejua hoki anaitaja hiyo. Mimi nimeiweka misimamo ya ligi ya konferensi zote mbili mezani usiku mzima nalinganisha na siambulii kitu. Jibu linatakiwa kabla ya mwisho wa mwezi. Msaada tafadhali.

Kipanga_wa_Denver
Mkuu hongera sana kwa malezi. Kwanza acha kuweka misimamo miwili upande kwa upande, haisomeki hivyo. Hata ndani ya konferensi moja msimamo una mambo yake. Konferensi ya Big Ten timu ziko 7, kila mmoja anacheza na mwenzake mara 4, mechi 24, hakuna wa kulalamika. Konferensi ya ECAC wako 12, wanakutana mara mbili mbili, 22, safi. Ila NCHC msimu wa 2024-25 Arizona State walipoingia wakawa 9 na mechi ni 24, na kwa kuwa mnakutana mechi mbili mbili, Ijumaa na Jumamosi, hamwezi kukutana na wote mara sawa, kuna wa mara 4 na wa mara 2. Sasa timu ikipangiwa vigogo mara 4 na wanyonge mara 2 itakuwa wapi kwenye msimamo? Kwa hiyo kabla hujasema hicho chuo ni dhaifu angalia walicheza na nani mara ngapi.

Angalia na walivyofungwa. NCHC ukishinda ndani ya dakika 60 ni pointi 3, ukishinda kwenye muda wa nyongeza au mikwaju ya penalti ni 2 na aliyefungwa anabaki na 1. Timu inaweza kuwa ya saba na nusu ya mechi zake imepoteza kwa bao moja, hiyo sio sawa na anayepigwa 6 kila Ijumaa na Jumamosi.

Na ubora wa NCHC hauna mjadala. Kuanzia 2016 mpaka 2025 ubingwa wa taifa umechezwa mara 9, 2020 haukuwepo, na NCHC wamebeba 7. North Dakota, Denver mara tatu, Duluth mara mbili, Western Michigan. Mimi ningekuwa wewe nampeleka huko huko.

Rehema wa Mtaa wa Pili
Kipanga umeongea vizuri ila umeongea kama shabiki, baba wa watu ana mtoto hapo. Hiyo hiyo NCHC msimu huo wa 2024-25 Miami ya Ohio walicheza mechi 24 za konferensi hawakushinda hata moja. Hata moja ndugu yangu. Unajua kipa anakuwaje kwenye timu ya hivyo? Tena ni kijana wa miaka 20 yuko mbali na mama yake, anapigiwa mashuti usiku kucha halafu kesho yake anarudi anapigiwa tena. Kuna anayekomaa kwa hayo na kuna anayevunjika, na baba ndo anamjua mwanawe ni yupi.

Halafu tuache kudharau konferensi ndogo. Mashindano ya taifa ni timu 16. Konferensi ziko 6, bingwa wa mtoano wa kila konferensi anaingia moja kwa moja, zile 10 zinazobaki zinachaguliwa kwa hesabu ya kupanga timu zote kitaifa kwa matokeo yao, zamani hesabu hiyo ilikuwa inaitwa PairWise, kuanzia 2025-26 ni NPI. Sasa angalia 2025. Arizona State wamemaliza wa PILI NCHC na hawakuingia, hiyo konferensi mnayoisifia ilipeleka Western Michigan na Denver tu. Bentley wamechukua mtoano wa Atlantic wakaenda kwa mara ya kwanza katika historia yao. Cornell hawakuwa hata juu ya msimamo wa ECAC, wakashinda mtoano, wakaenda wakamtoa Michigan State 4-3. Mlango wa Atlantic ni mmoja ndiyo, ila timu inayokaa juu kila mwaka inaufikia.

Kipanga_wa_Denver
Dada Rehema nakubali hilo la Arizona State, liliniuma hata mimi. Ila Atlantic ukifungwa mtoano msimu umeisha, hesabu za taifa hazitakuokoa kwa sababu uliocheza nao wengi hawana uzito. Na mkuu jua kitu kingine, ukishinda kwa mikwaju konferensi inakupa pointi ila kitaifa inahesabiwa droo. Yaani hata ushindi wenyewe una daftari mbili.

Otieno_Barafu
Nawasoma kutoka Nairobi, sisi tulijifunzia pale uwanja wa barafu wa Panari, Mombasa Road, na 2024 Kenya ikaingia IIHF, shirikisho la dunia la hoki ya barafu, kwa hivyo kuona kijana wetu anabishaniwa na vyuo huko nimefurahi sana. Mzee mimi pia ni kipa na hamjamuuliza swali la kipa. Mshambuliaji hata akiwa wa kumi atapata dakika, kipa ni mmoja tu anacheza, wengine wawili wanakaa benchi msimu mzima. Hao makipa waliopo hapo ni wa mwaka wa ngapi? Kama kipa wa kwanza yuko mwaka wa pili basi hiyo NCHC ataitazama tu kama sisi huku.

Mjomba Shabani
Otieno kamaliza kazi. Niongeze, tangu Agosti 2025 vijana wa ligi kubwa za Kanada nao wanaruhusiwa kucheza vyuo vya Marekani, zamani walikuwa wamefungiwa. Timu za chini zinazotaka kupanda haraka ndo zinakimbilia huko kuchukua mtu wa miaka 20 aliyekwisha iva. Baba Kassimu muulize kocha waziwazi, huyu kijana mnamleta acheze au mnamleta ajaze kikosi, na usikilize anavyojibu. Na ujue siku hizi kuhama chuo ni rahisi, kipa anayecheza vizuri Atlantic miaka miwili hao wa NCHC watamfuata wenyewe. Aliyekaa benchi nani atamuona?

Baba Kassimu
Wakuu Mungu awabariki, nimesoma yote nikamsomea na mama yake. Leo nimepiga simu zote mbili. Chuo cha NCHC wana makipa wawili wa mwaka wa kwanza na wa pili na kocha amesema nafasi ipo ila "ataigombania". Chuo cha pili kipa wao anamaliza mwaka huu. Kijana nimemwambia hayo sikuongeza langu, amekaa kimya muda mrefu halafu ameuliza hicho cha pili barafu yao inafunguliwa saa ngapi asubuhi. Alhamisi tunaendesha gari kwenda kukiona. Rehema, shemeji yako anakusalimia sana.